Siku ya Sifuri

Mji wa mimba una mlango, ila hauna bawabu.
Hufunguka mara moja kwa mwezi,
siku mbili, labda mbili na nusu,
kisha hujifunga bila kelele.
Hayo tunayajua. Mengine yanatafutwa
hapa Tartu, ghorofa ya tatu, Februari,
mto Emajõgi umeganda hadi mbwa wanauvuka.

Leelo anavua glavu za sufi, anavaa za mpira.
Sanduku limefika usiku kutoka Coimbra,
barafu kavu inafuka kama chungu kisicho na moto.
Ndani mna vipande ishirini na viwili vya ukuta wa mji,
hakuna kinachozidi punje ya mchele,
kila kimoja cha mwanamke aliyelala chali akihesabu vigae vya dari,
akasema: chukueni, huenda kikamfaa mwingine.
Majina yamebaki Ureno. Zimesafiri namba.

Huko Coimbra yuko Graça Sequeira,
mwenye kikohozi cha sigara alizokwisha ziacha.
Kila Alhamisi wanaonana kwenye kioo cha kompyuta,
Kiingereza chao kinachechemea, wote wamekiazima.
Kwenu mlango unafunguka siku ya nane,
kwetu ya saba.
Siku hiyo ya saba, chembe za kwetu zimechomoza vidole,
za kwenu bado zimelala fofofo.
Miezi minane ya ubishi.
Wakalaumu dawa. Wakalaumu jokofu.
Wakailaumu mashine inayosoma jeni,
na mwanafunzi Ott, aliyeiendesha, akalilia chooni.

Hadi Alhamisi moja Graça akauliza swali la kitoto:
"Hivi ninyi mnaanzia wapi kuhesabu?"
"Siku homoni inapofika kileleni," Leelo akajibu. "Hiyo ni sifuri."
Graça akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.
"Kwetu hiyo ni moja."

Kucheka, walicheka. Ott alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Siku nzima ilipotea kati ya nchi mbili,
kwenye kidole cha kwanza cha mkono.

Usiku ule Leelo hakwenda nyumbani.

Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, geuza njia;
ndiyo adabu ya mgeni.
Na kwake viinitete vitatu vilikwisha kubisha,
vya siku tano tano, vizuri, daktari alivisifu,
Machi, Septemba, tena Machi,
na mara tatu ukuta ulinyamaza.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Je, mwenyeji akiwa hajaamka?
Je, akiwa yuko macho,
ila aliyemwelekeza mgeni alianza kuhesabu
kwenye moja?

Kliniki imefungwa. Simu inaita, inaita.
Priit ametuma ujumbe: umekula?

Rafu ya pili ya jokofu, nyuzi themanini chini ya sifuri,
kichupa namba arobaini na moja ni chake.
Alikitoa mwenyewe mwaka juzi, akatia sahihi
kwamba hatafungua siri ya namba yoyote,
hata yake.
Mkono uko kwenye kitasa. Baridi inapenya mpira.
Mwanamke mmoja si ushahidi, anawaambia wanafunzi kila muhula.
Mwanamke mmoja si ushahidi.
Anauondoa mkono, kidole kimoja kimoja.

Kisha anakaa, anaisogeza safu ya Coimbra
hatua moja kushoto, mistari ishirini na miwili,
na mikondo miwili inalaliana
kama shuka zilizokunjwa na mtu mmoja.
Si yote. Namba tisa inakataa, na namba kumi na nne.
Hizo mbili anazizungushia wino mwekundu
kwa furaha asiyoweza kumweleza mtu.

Anamwandikia Graça: tuletee vingine kumi.
Tafadhali, sifuri iandikwe kwa maneno.

Anamjibu Priit: bado. Nabakishie supu.

Nje kumeanza kupambazuka.
Mtu mmoja anauvuka mto kwa miguu,
kila hatua chache anasimama
kuisikiliza barafu.